Panda Jani Liliwe

Maneno haya niliyasema Jumamosi mbele ya vikundi vya bustani vya mitaa yetu hapa Tanga. Mvua iliwazuia wengi kufika, na tangu siku ile simu haziishi kuniuliza nilisema nini. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka. Picha nilizobandika ubaoni nimeziacha, mtaniwia radhi.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama wa vitalu, vijana wangu mnaouza miche barabarani, walimu mlio kazini na sisi tuliostaafu, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa, tusije tukamaliza muda kwa kutaja vyeo. Mvua ikipiga sana bati nitanyamaza kidogo, ikipungua tutaendelea.

Nina maswali mawili. La kwanza: nani hapa anapenda vipepeo? Nyoosheni mikono. Alhamdulillahi, darasa zima. La pili: nani hapa anapenda viwavi?

Naona mkono mmoja tu, pale mbele, wa mtoto wa darasa la pili. Mwanangu, ubaki hivyo hivyo.

Jamani, mnaona? Kipepeo tunamtaka, mwanawe hatumtaki. Lakini hakuna kipepeo aliyezaliwa na mabawa. Kila mmoja mliyepata kumwona akipita juu ya bustani zenu alianza kuwa kiwavi, na kiwavi yule alikula majani ya mtu. Alikula majani gani? Aliyakula wapi? Nani alimwachia ayale? Hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani na mvua hii.

Najua wengi mmekuja mkitaka niwatajie maua. Maua nitayataja, ila kidogo. Sisi watu wa pwani tunaijua baraza na tunalijua jiko. Mgeni akipita unamkaribisha barazani, unampa kahawa na kashata, anakunywa, anashukuru, anakwenda zake. Anayeishi kwako anakula ndani. Basi ua ni kahawa ya barazani. Kipepeo mkubwa ananyonya utamu wake, anapata nguvu, anaondoka. Ukipanda maua matupu, watapita, watakunywa, halafu watakwenda kuzaa kwingine. Na huko kwingine ni wapi siku hizi? Kiwanja cha jirani kimejengwa. Kichaka cha nyuma ya soko kimefyekwa. Ukitaka wakae kwako, wapikie watoto wao. Na mtoto wa kipepeo hanywi kahawa, anakula jani.

Tena hali jani lolote. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Baba yangu alilima machungwa Muheza, kama wengi wa kule. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya nyumba, na kila tulipotoka shule kazi yetu watoto ilikuwa kupita mche kwa mche tukisaka viwavi. Amri ilikuwa moja: ponda. Sasa, kiwavi wa mchungwa akiwa mchanga humtambui. Ni mweusi mwenye baka jeupe katikati, ukimwona juu ya jani utaapa kwamba ndege alipita hapo akajisaidia. Ndivyo anavyotaka udhani. Ndege naye anadhani hivyo hivyo, na ndege gani ale kinyesi? Akishakua anaivua ngozi ile, anakuwa wa kijani, mnene kama kidole, na sasa anajificha kwa kufanana na jani lenyewe.

Siku moja nikamgusa mmoja mkubwa. Nyuma ya kichwa chake zikachomoza pembe mbili laini, nyekundu za kuelekea rangi ya chungwa, zimelowa, na harufu kali ikanipanda puani. Nilipiga kelele nikakimbia. Kisha nikarudi, maana nilitaka kuziona tena zile pembe. Nikamchukua kwa kijiti, nikamtia kwenye kopo na majani ya mchungwa, nikafunika kwa kipande cha chandarua, nikalificha kopo chini ya kitanda. Kila siku nikampa majani mapya. Siku moja akaacha kula, akapanda kijiti, akajifunga uzi mwembamba kiunoni, akaegemea nyuma, akatulia. Akawa pupa. Nikangoja mpaka nikakata tamaa. Asubuhi moja nikakuta juu ya kijiti kipepeo mweusi mwenye mabaka ya manjano, na chini ya mabawa macho mawili mekundu na buluu, anakausha mabawa taratibu kama mtu anayeanika kanga.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alimtazama, akaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. Hakuongeza neno. Lakini kesho yake amri ilibadilika. Viwavi wa kitaluni tusiwaponde tena, tuwahamishie kwenye mlimao wa kisimani. Mlimao ule ulikuwa mkubwa na wa siku nyingi, una majani yasiyohesabika. Mche wa miezi mitatu, viwavi watatu wanaumaliza mpaka kijiti. Mti mzima hata hausikii. Machungwa ya baba hayakupungua, na kisimani kukawa na vipepeo mwaka mzima.

Wataalamu wanamwita kipepeo yule Papilio demodocus, na yuko karibu kila mahali Afrika kusini mwa Sahara. Sasa niwaulize: kwa nini tulimhamishia kwenye mlimao, tusimtupe kwenye mwembe uliokuwa karibu zaidi? Kwa sababu kwenye mwembe angekufa njaa akiwa amekalia jani. Chakula kikubwa cha kiwavi yule ni jamii ya ndimu. Mdimu, mlimao, mchungwa, mchenza, na huko porini mjafari wetu huu wa dawa, ambao nao ni wa ukoo huo. Mpe jani la mwembe, halitambui kuwa ni chakula.

Mmea hauna miguu ya kukimbia, ndugu zangu. Silaha yake ni dawa iliyomo ndani ya jani. Kanyaga jani la mdimu usikie ile harufu. Kwetu ni harufu nzuri, lakini mmea umeiweka pale kuwafukuza walaji. Kila ukoo wa mimea una dawa zake, na kila ukoo wa vipepeo ulijifunza kwa miaka na miaka kustahimili dawa za ukoo fulani. Za koo nyingine hauziwezi. Ndiyo maana jike akitafuta pa kutaga haangalii uzuri wa bustani yako. Anatua juu ya jani, analigongagonga kwa miguu ya mbele. Anafanya nini? Anaonja! Kipepeo ana ulimi miguuni. Jani likiwa silo anaruka, anajaribu jingine, na jingine. Likiwa ndilo anakunja mkia, anabandika yai moja, anaondoka. Mkimwona kipepeo anahangaika juu ya majani yasiyo na ua hata moja, msidhani amepotea. Ni mama anayetafuta nyumba.

Kuna watu hapa mkoani kwetu wanaolijua jambo hili kuliko mwalimu yeyote. Kule juu Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wanakijiji walifuga vipepeo kwa miaka mingi na kuuza pupa nje ya nchi, Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za vioo ambako watu hulipa kiingilio kuwatazama wakitoka. Ng'ambo ya mpaka, Gede kule Kenya, pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenzetu wa mradi wa Kipepeo walianza kazi hiyo mwaka 1993. Unguja pia iko, pale Pete, karibu na msitu wa Jozani.

Mama yangu mdogo mmoja alikuwa miongoni mwa wafugaji wa Amani. Nilimtembelea nikitarajia kukuta bustani ya maua. Nikakuta nini? Vizimba vya chandarua, na nyuma ya nyumba miche, miche, miche, yote ya majani. Nikamuuliza, mama, vipepeo wako wapi? Akacheka, akasema, "Kipepeo hafugwi. Unafuga mti, yeye anakuja mwenyewe." Akanieleza walivyojifunza. Unaingia msituni, unamwona jike, unamfuata polepole mpaka atage. Jani lile alilotagia unalichuma, unalileta nyumbani, unauliza wazee jina la mti, unatafuta mbegu au kichipukizi, unapanda. Huo ndio uliokuwa mtaji wao. Mwenye miti mingi ya chakula alikuwa na pupa wengi. Mwenye vizimba vizuri bila miti alikaa na vizimba vyake.

Mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na pupa wakaingia humo humo. Vizimba vikabaki vitupu. Siwezi kuwaficha kwamba iliwaumiza: ada za shule zilitoka pale, mabati yalitoka pale. Sikuja leo kubishana na amri ile. Lakini mwaka jana nilipopanda tena Amani kumwona mama mdogo, vizimba vimeoza, chandarua zimechanika, na ile miti ya nyuma ya nyumba imekuwa mikubwa, inaliwa. Alinionyesha matundu kwenye majani kama mtu anayeonyesha wajukuu.

Sasa twende kwenye bustani zenu. Mnipigie kelele nikizidisha majina.

Mdimu nimeshausema, na kama una nafasi ya mche mmoja tu, panda huo, maana utakula wewe na atakula yeye. Mwenye uwanja mkubwa kidogo asiung'oe mtopetope mwitu. Kuna vipepeo wepesi, wa kurukaruka bila kutulia, ambao viwavi wao hula jamii hiyo. Mwingajini, huu ambao bibi zetu waliupanda karibu na mlango kufukuza mashetani, na jamaa zake wa ukoo wa Senna, ni chakula cha wale vipepeo weupe wa kuelekea manjano mnaowaona baadhi ya misimu wakipita makundi kwa makundi, wote mwelekeo mmoja, kama watu wanaokwenda maziarani. Ila mbegu za mwingajini watoto wasizitafune, zina sumu. Upande nyuma, watoto waambiwe.

Mimea miwili inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko yote, na yote miwili mnaing'oa.

Wa kwanza ni mpamba mwitu. Mnaujua, unaota kwenye viwanja vya mchanga na kando ya barabara, majani mapana ya kijivu, ukilivunja linatoa utomvu mweupe. Utomvu huo ni sumu. Ukiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo anayeupanda asiuweke watoto wanapochezea, na akiukata anawe mikono. Kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, anaruka polepole bila woga. Anaringa. Kwa nini anaringa? Kwa sababu alipokuwa kiwavi, na ni kiwavi mzuri ajabu, ana pete nyeusi, nyeupe na manjano kama aliyefumwa, na vipembe sita laini mgongoni, alikula majani yale ya sumu, na sumu ikabaki mwilini mwake mpaka akawa na mabawa. Ndege kinda akimla mara moja anatapika. Harudii tena. Tangu siku hiyo kila chenye rangi ile anakiacha kipite.

Wa pili ni tako la hasani. Kila mtu hapa amewahi kuling'oa. Linatambaa chini, vijani vinene vya maji, vimaua vidogo vya manjano, na wengine mnalipika mboga. Viwavi weusi wenye miiba yenye matawi wanalila. Msiwaogope, miiba ile haichomi. Kipepeo wao dume ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe yanayozungukwa na mwako wa zambarau. Na jike? Jike ni wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Ndiyo, mmesikia vizuri. Amevaa nguo za yule wa mpamba mwitu! Yeye hana sumu. Amelelewa kwa mboga, ni mtamu, ndege angemfurahia. Lakini ndege aliyetapika jana anamwona, anakumbuka, anamwacha.

Sasa fikirini hili pamoja nami. Ukiung'oa mpamba mwitu wote mtaani, ukaacha tako la hasani, itakuwaje? Ndege wachanga hawatapata wa kuwafundisha adabu. Watamla huyu mwenye nguo za kuazima bila hofu. Usalama wa kipepeo mmoja umo kwenye chakula cha mwingine. Mimi nilifundisha sayansi miaka mingi, na sijaona somo zuri kuliko hilo, na lote linaota bure kwenye mchanga nyuma ya darasa.

Na hapa nina la kukiri mbele ya walimu wenzangu. Kwa miaka mingi kila Ijumaa nilisimamia usafi wa mazingira. Mnaijua desturi yetu: kiwanja safi ni kiwanja cheupe, kimefagiwa mpaka alama za fagio zinaonekana, hakuna jani. Watoto walileta majembe, tukang'oa tako la hasani, tukang'oa tikini chini ya uzio, ile yenye vimaua vyeupe vyenye doa la zambarau, tukachoma moto pembeni. Na Jumatatu yake nachora ubaoni mzunguko wa maisha ya kipepeo: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Mtoto mmoja aliniuliza, mwalimu, mbona hapa shuleni hatuwaoni? Nilimjibu kwamba wako porini. Jibu hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Walikuwa pale shuleni, na nilikuwa nimewachoma Ijumaa. Tikini ile peke yake inalisha viwavi wa kipepeo mweusi mwenye madoa mawili ya buluu inayong'aa, ambaye mkimwona juani mnadhani ni kipande cha kioo.

Sisemi shule ziwe vichaka. Nyoka tunao, mbu tunao, wazazi watalalamika. Nasema acheni ukanda mmoja. Hatua mbili kutoka kwenye uzio, upande mmoja wa kiwanja, jembe lisifike. Wekeni mawe mpakani ili ionekane kwamba ni makusudi na si uvivu, na mpeni kila mtoto wa darasa la tatu mmea wake wa kuuchunguza.

Nikumbushwe, mchongoma. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Nakubaliana nao kuhusu kupanda kwa miguu. Mimi leo nazungumzia kupanda kwa jembe. Mtaani kwetu palikuwa na ua wa mchongoma, ule wa kwetu wenye vitunda vyeusi-vyekundu ambavyo tulichuma tukirudi na mikono imekwaruzika. Juu yake daima walikuwapo vipepeo wa rangi ya chungwa wenye madoadoa meusi kama chui, wasiotulia hata nukta moja. Mwenye nyumba aling'oa ua akajenga ukuta wa tofali. Ni haki yake, wezi walimsumbua. Mwaka ule ule wale chui wadogo wakatoweka mtaani. Maua hayakupungua, waridi zilikuwapo, asumini ilikuwapo. Lililoondoka ni jani. Baadaye nilimwomba ruhusa nipande michongoma mitatu nje ya ukuta wake. Akakubali, akasema hata mwizi ataiogopa. Msimu wa vuli wa pili nikaona jani lina tundu. Nilisimama pale barabarani nikiwa na kikapu cha soko nikalitazama tundu lile mpaka watu wakaniuliza kama naumwa.

Haya, maua. Kahawa ya barazani nayo inatakiwa, mama mjamzito hatagi kwa njaa. Lakini naomba msipande lantana. Najua vipepeo wanaipenda, najua rangi zake. Ni mmea wa kuja, unasambaa kwa mbegu zinazobebwa na ndege, unaingia kwenye mashamba na pembezoni mwa misitu, unafunika mimea ile ile ambayo viwavi wanaila. Unawapa wazazi kahawa huku unawanyang'anya watoto wali. Na bogenvilia, pamba nayo nyumba ukipenda, lakini miaka yote ninayoitazama sijakuta kiwavi wa kipepeo juu yake.

Kuna wanaonong'ona kule nyuma kuhusu viwavijeshi. Swali halali kabisa. Wale walioingia nchini mwaka 2017 na kula mahindi yetu ni watoto wa nondo, na wanapenda nafaka. Kiwavi wa mdimu hatashuka kwenda kwenye mahindi yako, nimeshawaambia kwa nini. Wenye manyoya, wale wa kuwasha, wengi wao nao ni watoto wa nondo. Kanuni ya nyumbani kwangu ni rahisi: mwenye manyoya haguswi, na hauawi, anaachwa na njia yake. Ndege wanawahitaji. Chozi mnayemwona akinyonya maua hamlishi kinda wake utamu wa maua, anampelekea vidudu. Katika viwavi kumi wa mdimu wako, wengi wataliwa na ndege na nyigu kabla hawajafika. Ndivyo ilivyopangwa, na ndiyo sababu jike anataga mayai mengi.

Kuhusu dawa sitasema mengi. Ukipiga dawa ya wadudu kwenye mmea uliowapandia viwavi, umealika watoto wa watu ukawawekea sumu mezani. Na msiniambie mimi natumia mwarobaini, ni wa asili. Maji ya mwarobaini yanazuia kiwavi kula na kukua, ndiyo kazi yake. Yatumieni kwenye nyanya, si kwenye mdimu wa vipepeo. Mkinunua mche barabarani mwulizeni muuzaji ameupiga nini na lini. Vijana wangu, mkiulizwa semeni kweli, mteja atarudi.

Pupa wengi hawakai kwenye mmea walioula. Kiwavi akishiba anatembea, anapanda ukuta, fito ya uzio, chini ya dirisha. Kabla hamjapaka chokaa au kusugua utando, tazameni kwanza. Panda miche miwili au mitatu ya aina moja kwa pamoja, mmoja ukiisha majani wahamie wa pili, na ukate ncha baada ya mvua ili ichipue majani machanga, maana jike anapenda kutagia laini. Masika hii inatosha kuanza.

Miche iko kule kibarazani, nje ya mlango. Midimu, michongoma, na mifuko michache ya tako la hasani, ambayo najua mtacheka kuichukua lakini ichukueni. Ya mchongoma shikeni kwa kitambaa. Kila familia mche mmoja kwanza, tukibakiwa tutagawana tena. Na kuna mdimu mmoja mwisho wa mstari, karibu na nguzo, majani yake yamechanika na moja limeliwa nusu. Tangu asubuhi nawaona mnaupita mkienda kuchagua ile mizima. Chini ya jani la tatu kutoka juu yuko mmoja wa kijani, jana alivua ngozi. Nani anauchukua ule? Mwanangu wa darasa la pili, njoo.